Kibao cha kugusa: kipangeni kabla ya kujaza taarifa



Somo la toleo hili linahusu kifaa ambacho kila mwenye kompyuta mpakato anacho, lakini wachache sana wamewahi kufundishwa. Ni kile kibao laini cha pembe nne kilicho chini ya vitufe vya herufi. Ukikipapasa kwa kidole, kishale kinatembea kwenye kioo. Wengine hukiita "mausi ya laptopu". Sisi tutakiita kibao cha kugusa, au kwa kifupi kibao.

Huenda mtu akauliza kwa nini kamati ya parokia ishughulike na jambo dogo hivyo wakati kisima bado hakijakamilika. Sababu ni kwamba taarifa za kisima chenyewe siku hizi zinapita hapo. Wafadhili kadhaa hawapokei tena bahasha. Wanatoa anwani ya tovuti na neno la siri, kisha katibu au mhazini anajaza maelezo, anaingiza tarakimu na kupakia stakabadhi ndani ya kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti kama Chrome, Edge au Firefox. Fomu ya namna hiyo inaweza kumaliza jioni nzima. Katika ziara zetu tumeona kwamba kinachowashinda makatibu wengi si fomu wala hesabu. Vidole viwili vinateleza upande, ukurasa unarudi ulikotoka, na yote yaliyoandikwa yametoweka.

Yanayofuata baada ya hapo ndiyo yanayotusumbua. Katibu aliyeandika kumbukumbu za kamati kwa hati safi miaka nenda rudi anaamua kwamba kompyuta ni ya vijana. Daftari linapelekwa kwenye kibanda cha intaneti mjini. Huko mtu asiyejua tofauti kati ya mchango wa wananchi na fedha za mradi anajaza kwa haraka, na neno la siri la parokia linabaki kwenye kompyuta ya watu wengine. Kamati imeshatengwa na taarifa yake yenyewe. Kupanga kibao ni kazi ya nusu saa tu, na inazuia sehemu kubwa ya hayo.

Kibao kinahisi nini

Kibao hakipimi uzito wa kidole. Chini ya ule uso laini kuna wavu wa nyaya nyembamba zenye chaji ndogo ya umeme. Kidole kikikaribia, chaji inabadilika mahali hapo, na kompyuta inajua kidole kipo wapi. Kwa hiyo mtu anayekandamiza kibao kwa nguvu ili kishale kitembee vizuri anachoka bure. Nguvu inahitajika tu pale unapotaka kibao kibofye, yaani kibonyee na kutoa mlio.

Vibao vya aina hii vilianza kuonekana sana baada ya mwaka 1994, kampuni ya Apple ilipoviweka kwenye kompyuta zake za PowerBook 500. Wakati huo kidole kimoja kilitosha. Baadaye vikaja vibao vinavyotambua vidole viwili, vitatu, hata vinne, na kila idadi ikapewa kazi yake. Mwaka 2013, pamoja na Windows 8.1, Microsoft ilileta utaratibu mmoja wa vibao hivi, ndiyo maana kompyuta nyingi za miaka ya karibuni zinapangwa kwa njia inayofanana hata kama zimetengenezwa na kampuni tofauti. Faida ni kubwa. Tatizo ni kwamba kazi nyingi kati ya hizo huwa zimeshawashwa kiwandani, na mwenye kompyuta hajui zipo mpaka zimtokee.

Kabla ya kubadilisha chochote: chaja na mikono

Kwa kuwa kibao kinafanya kazi kwa umeme, umeme mbovu unakichanganya. Kishale kikitetemeka au kurukaruka chenyewe, chomoeni chaja na mjaribu tena kwa betri peke yake. Kikitulia, kibao ni kizima. Shida iko kwenye chaja au kwenye umeme unaoingia. Hutokea hasa kwa chaja za bei rahisi, kwa soketi zisizo na waya wa kwenda ardhini, na pale umeme unapotoka kwenye jenereta ndogo au kwenye kigeuza umeme cha sola. Tunaomba fundi asiitwe kubadilisha kibao kabla jaribio hili la dakika moja halijafanyika. Kwa sasa, jazeni betri kwanza, chomoeni, kisha ndipo muanze kujaza fomu.

Jambo la pili ni mikono yenyewe. Kidole chenye sugu, kilichokaushwa na jembe au saruji, hakipitishi chaji vizuri kama kidole laini, kwa hiyo kibao wakati mwingine hakikioni. Kidole chenye maji au jasho jingi nacho kinakidanganya kibao. Mkulima anayesema "kompyuta hii hainitaki" hasemi upuuzi hata kidogo. Afute mikono kwa kitambaa kikavu, atumie upande wa kidole usio na sugu, au kidole cha pete ambacho mara nyingi ni laini zaidi. Kibao nacho kifutwe kwa kitambaa kikavu, kompyuta ikiwa imezimwa.

Mahali pa kubadilisha

Kompyuta nyingi za parokia zina Windows ya Kiingereza, hivyo tutataja maneno kama yanavyoonekana kwenye kioo. Bonyezeni kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi I. Mipangilio inafunguka. Kwenye Windows 11 ingieni "Bluetooth & devices", kisha "Touchpad". Kwenye Windows 10 ingieni "Devices", kisha "Touchpad". Ukurasa mzima wa mipangilio ya kibao uko hapo. Kama mnaona kitufe cha kuwasha na kuzima tu, bila machaguo mengine, kompyuta yenu ina kibao cha utaratibu wa zamani. Tafuteni "Control Panel", halafu "Mouse", na mara nyingi kichupo cha mwisho kitakuwa na jina la mtengenezaji wa kibao, kwa mfano Synaptics.

Tuseme pembeni kidogo: Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya bure ya usalama wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mipangilio ya kibao itaendelea kufanya kazi, lakini kompyuta inayotumika kuingilia tovuti za wafadhili na benki inahitaji mpango wa kuhama. Hilo tutalijadili siku nyingine.

Zimeni kwanza, ongezeni baadaye

Vijana wanapoonyeshwa ukurasa huu huanza kuwasha kila kitu. Kwa mtu anayejaza fomu, sisi tunashauri kinyume chake.

Angalieni kwanza unyeti wa kibao. Windows inatoa viwango vinne, kuanzia unyeti mkubwa kabisa hadi mdogo. Kiwango hiki kinahusu hasa kugusa kusikokusudiwa, pale kiganja kinapopumzika kwenye kibao wakati vidole vinaandika. Kiganja kikigusa, kishale kinahamia sehemu nyingine ya fomu, na sentensi iliyoanza kwenye "Mafanikio" inamalizikia kwenye "Changamoto". Punguzeni hadi kiwango cha chini, jaribuni kuandika aya moja, kisha pandisheni kidogo kama kibao kimekuwa kizito mno.

Halafu tazameni kugonga. Kwa kawaida kugusa kibao kidogo tu kwa ncha ya kidole kunahesabiwa kuwa umebofya. Kwa mwenye mkono mwepesi ni raha. Kwa mwenye mkono unaotetemeka, au aliyezoea mashine ya chapa, ni hatari, maana anatuma fomu kabla hajakusudia. Ondoeni alama kwenye chaguo la kugonga kwa kidole kimoja. Kuanzia hapo atabofya kwa kukandamiza kibao mpaka kitoe mlio, na hakuna kitakachotumwa kwa bahati mbaya. Ondoeni pia alama kwenye kugonga mara mbili na kuburuta. Hilo ndilo linalohamisha maandishi kutoka mahali pake bila mtu kuelewa kilichotokea.

Kama kamati ina mausi ya waya, kuna chaguo linalosema kibao kibaki kikiwaka mausi inapochomekwa. Likiondolewa alama, kibao kinalala kila mausi inapochomekwa na kuamka inapochomolewa. Kwa makatibu wengi hili peke yake linamaliza nusu ya matatizo, na hatuoni aibu kulisema hata kama somo letu ni la kibao.

Kasi ya kishale ipunguzwe hadi mtu aweze kukiweka kishale ndani ya kisanduku kidogo cha tiki bila kukipita. Mwelekeo wa kusogeza ukurasa ufanane na simu ya mtumiaji. Kama amezoea kusukuma ukurasa juu kwa kidole, kibao nacho kifanye vivyo hivyo.

Ukurasa unaorudi nyuma

Hapa ndipo kazi nyingi inapopotea, kwa hiyo tukae kidogo.

Vivinjari vingi vya leo vinachukulia vidole viwili vinavyoteleza kwa upande kuwa amri ya kurudi ukurasa uliopita au kwenda unaofuata. Vidole viwili hivyo hivyo ndivyo vinavyotumika kusogeza ukurasa upande ukiwa mpana kuliko kioo. Fikirieni jedwali la bajeti lenye safu 12 za miezi. Mhazini anasogeza kulia kuingiza Desemba, kisha anasogeza kurudi kushoto kwenye Januari. Jedwali linafika mwisho wake. Mkono haujui kwamba limefika, unaendelea kusukuma, na kivinjari kinaelewa: "rudi nyuma". Fomu imeondoka.

Njia ya kwanza ya kujikinga ni kuondoa sababu ya kusogeza upande. Wengi wetu macho yamepungua nguvu, na tukitaka kukuza maandishi tunatanua vidole viwili kama kwenye simu. Kukuza kwa namna hiyo kunavuta ukurasa wote kama picha, na pande zake zinatoka nje ya kioo. Badala yake shikeni Ctrl na kubonyeza alama ya kujumlisha. Maandishi yanakua, na kurasa nyingi hujipanga upya ndani ya upana wa kioo. Ctrl pamoja na sifuri inarudisha ukubwa wa kawaida. Mkishazoea hivyo, ondoeni alama kwenye "Pinch to zoom" ili kutanua vidole kusifanye kitu.

Njia ya pili ni kuizima amri yenyewe ndani ya kivinjari. Kwenye Firefox andikeni about:config mahali pa anwani, kubalini onyo, tafuteni widget.disable-swipe-tracker na kuigeuza iwe true. Kwenye Chrome andikeni chrome://flags, tafuteni neno overscroll, na chaguo la historia mliweke kwenye "Disabled", kisha mfungue kivinjari upya. Kurasa hizi mbili zina mambo mengine mengi. Msiguse kingine chochote humo. Machaguo ya Chrome ya aina hii huwa ya majaribio na yanaweza kuhamishwa toleo jipya likija, kwa hiyo msipoliona, tegemeeni njia ya kwanza. Kwa wenye kompyuta za Apple ni rahisi zaidi: "System Settings", "Trackpad", "More Gestures", na kuzima "Swipe between pages".

Na kama ukurasa umesharudi nyuma? Ondoeni mkono kwenye kibao. Msibofye kitu. Shikeni Alt na kubonyeza mshale wa kulia mara moja, au mshale wa kwenda mbele ulio juu ya kivinjari. Mara nyingine maandishi yanakutwa yalipokuwa. Mara nyingine hayapo, na ndiyo sababu tunaendelea kusisitiza kwamba maelezo marefu yaandikwe kwanza kwenye programu ya kuandikia barua, yahifadhiwe, ndipo yanakiliwe kwenye fomu.

Kupa vidole vitatu kazi yenye manufaa

Sasa tunaweza kuongeza. Vidole vitatu havitelezi kwa bahati mbaya kirahisi, kwa hiyo vinafaa kwa mambo ambayo mtu ameyakusudia.

Kwenye sehemu ya vidole vitatu, upande wa kugonga, chagueni "Middle mouse button". Maana yake ni kwamba mkigonga kiungo kwa vidole vitatu, ukurasa wa kiungo hicho utafunguka kwenye kichupo kipya, na fomu yenu itabaki wazi kwenye kichupo chake. Hili ndilo tunalolipenda kuliko yote. Fomu za wafadhili zimejaa viungo vya "soma mwongozo" na "tazama mfano". Katibu akibofya kiungo kwa njia ya kawaida, mwongozo unaweza kufunguka juu ya fomu yenyewe. Akigonga kwa vidole vitatu, anasoma mwongozo kwa raha, anafunga kichupo, na kuendelea alipoishia. Vidole vitatu juu ya kichupo chenyewe vinakifunga, kwa hiyo afundishwe mapema asikiguse kichupo cha fomu namna hiyo. Kama kibao chenu hakina chaguo hili, shikeni Ctrl wakati wa kubofya kiungo. Matokeo ni yale yale. Kwenye Ubuntu, kugonga kwa vidole vitatu hufanya kazi hii bila kupangwa, mradi kugonga kumewashwa.

Upande wa kutelezesha, angalieni kilichowekwa. Mara nyingi vidole vitatu vikishuka, madirisha yote yanafichwa na kubaki picha ya mwanzo tu. Mtu anadhani kompyuta imezima kazi yake, naye anaiwasha upya, na hapo ndipo kazi inapotea kweli. Vidole vitatu vikipanda juu, kila kitu kinarudi. Kwa mtumiaji mpya tunashauri kuchagua "Nothing", yaani visifanye kitu. Akishakomaa, anaweza kuingia kwenye "Custom" au "Advanced gestures", kutegemea toleo la Windows, na kuvipa vidole vitatu kazi ya kurudi ukurasa uliopita, ile ile tuliyoinyang'anya vidole viwili.

Tarakimu zinazobadilika zenyewe

Wahazini, hili ni lenu. Kwenye baadhi ya fomu, kishale kikiwa ndani ya kisanduku cha tarakimu, kusogeza ukurasa kwa vidole viwili kunabadilisha tarakimu badala ya ukurasa. Mmeandika 850000, mmesogeza kidogo kwenda chini kutafuta kisanduku kinachofuata, na sasa panasomeka 849996. Tofauti ya shilingi nne haionekani kwa jicho, ila mkaguzi ataiona kwenye jumla. Sijapata, mtu atasema, mbona stakabadhi zangu ziko sawa? Ziko sawa. Kilichobadilika ni kisanduku.

Kinga yake ni mazoea tu: baada ya kuandika tarakimu, bofyeni mahali patupu pa ukurasa kabla ya kusogeza, au tumieni kitufe cha Tab kuhamia kisanduku kinachofuata bila kugusa kibao kabisa. Kabla ya kutuma, mtu wa pili asome tarakimu kwa sauti kutoka kwenye kioo huku mhazini akifuatisha kwenye daftari.

Kila mmoja na akaunti yake

Windows huhifadhi mipangilio ya kibao kwa kila akaunti ya mtumiaji. Kama katibu, mhazini na kijana wa kwaya wote wanaingia kwa akaunti moja, atakayepanga mwisho ndiye atakayeshinda, na Jumatatu mhazini atakuta kibao kinachokwenda kasi kama pikipiki. Fungueni akaunti kwa kila mmoja. Inasaidia pia kujua nani aliingia lini, na maneno ya siri hayachanganyiki.

Neno kwa wafadhili

Mnapotoa kompyuta mpakato kwa parokia, tunaomba bajeti iwe na mausi ya waya na nusu siku ya mtu wa kukaa na katibu, akipanga kibao kulingana na mkono wake. Ni gharama ndogo ukilinganisha na kompyuta yenyewe. Na mnapotengeneza fomu za tovuti, tunaomba ziwe na kitufe cha kuhifadhi kazi kabla ya kutuma, majedwali yasiyozidi upana wa kioo kidogo, na visanduku vya fedha visivyobadilika ukurasa unaposogezwa. Kamati zinaweza kurekebisha vibao vyao, lakini fomu zimo mikononi mwenu.

Kwa kamati zitakazofanya zoezi hili robo hii: andikeni kwenye daftari la kompyuta kila chaguo mlilobadilisha, tarehe, na jina la akaunti. Masasisho makubwa ya Windows au ya kivinjari wakati mwingine hurudisha mambo yalivyokuwa, na mwenye daftari atayapanga tena kwa dakika kumi. Fanyeni zoezi angalau wiki moja kabla ya tarehe ya taarifa, kwenye fomu ya majaribio au kwenye barua pepe isiyotumwa, katibu mwenyewe akiwa ndiye ameshika kibao.